Hedifoni za Bluetooth kwenye Linux: kwa nini sauti inaharibika ukiwasha maiki

Malalamiko ni matatu, na mafundi wa kompyuta wa Mtwara mjini wameshayazoea. "Linux haisomi hedifoni yangu." "Inasoma, ila sauti inatokea kwenye spika za kompyuta." La tatu kwa kawaida linakuja na hasira: "Muziki unapiga safi kabisa, nikiingia tu kwenye kikao cha mtandaoni sauti inaharibika."

Majibu nayo hayapungui. Hedifoni ni feki. Rudisha Windows. Nunua ya Bluetooth 5.3, hiyo yako imepitwa na wakati. Futa kila kitu, upige mfumo upya. Wengine wanatumiwa amri kumi kwenye WhatsApp, wanazinakili zote kwa mpigo, na baada ya hapo hata spika za kompyuta zenyewe hazitoi mlio.

Suala hili litazidi kusikika. Kompyuta nyingi zinazouzwa Mtwara na Lindi zimeshatumika nje kabla ya kufika huku. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Mwenye mashine ya namna hiyo, iliyo nzima na inayofanya kazi, anahamia Ubuntu au Linux Mint, aina mbili za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Halafu siku ya kwanza anachomoa hedifoni kwenye kiboksi chake, na maswali yanaanza.

Niseme mapema ninapoelekea. Malalamiko hayo yanasikika kama jambo moja lakini ni matatizo matatu yaliyokaa mahali tofauti, na lile la tatu, ndilo linalotukanisha Linux kuliko yote, mara nyingi halitokani na Linux wala na ubovu wa hedifoni. Limo ndani ya Bluetooth yenyewe.

Maneno ya kuanzia

Bluetooth ni redio ya masafa mafupi. Ilianzia katika kampuni ya Ericsson huko Sweden miaka ya 1990, ikapewa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Inatumia mawimbi ya karibu 2.4 GHz, eneo lile lile linalotumiwa na Wi-Fi nyingi. Jambo hilo liweke akilini, tutalirudia.

Hedifoni ni ya kusikiliza tu. Ikiwa na maiki inaitwa hedseti. Karibu zote za Bluetooth zinazouzwa madukani ni hedseti, hata kama muuzaji anaziita vingine.

Kodeki ni njia ya kubana sauti ili ipite hewani, kisha kuifumua upande wa pili. Profaili ni makubaliano ya kazi kati ya vifaa viwili: leo tunasikiliza muziki, au leo tunaongea kama kwenye simu. Maneno haya mawili yanachanganywa sana, na kuchanganya huko ndiko kunakowafanya watu wanunue hedseti mpya bila sababu.

Halafu kuna kuoanisha na kuunganisha. Kuoanisha ni vifaa viwili kufahamiana na kupeana ufunguo wa siri, na kwa kawaida kunafanyika mara moja. Kuunganisha ni kuanza kazi, na kunafanyika kila unapowasha. Hedseti inaweza kuonekana kwenye orodha ya kompyuta kama imeoanishwa, kumbe muda huo imeunganika na simu iliyo mfukoni mwako. Kabla ya kumpelekea fundi, zima Bluetooth ya simu ujaribu tena. Malalamiko kadhaa yanaishia hapo bila kulipa hata shilingi.

Mikono minne

Mkulima wa Tandahimba anayesubiri fedha za korosho anajua kwamba mzigo wake umepita kwa watu. Ulipimwa kwenye chama cha msingi, ukapelekwa ghala kuu, ukanadiwa, mnunuzi akatakiwa kulipa, ndipo fedha ziingie benki. Zisipoonekana, kumfokea karani aliyepima hakusaidii chochote ikiwa mnunuzi ndiye hajalipa. La kwanza ni kujua zimekwama mkono upi.

Sauti ndani ya Linux nayo inapita mikono minne. Wa kwanza ni programu unayoitumia: Firefox, VLC, Audacity. Programu inaikabidhi sauti kwa seva ya sauti, ambayo ni PulseAudio au PipeWire. Hii ndiyo inayoamua sauti iende wapi, kwa ukubwa gani, na kwa kodeki ipi. Seva inaikabidhi kwa BlueZ, programu inayosimamia mambo ya Bluetooth kwenye Linux tangu 2001. BlueZ nayo inaipeleka kwa draiva na chipu ya redio, na chipu ndiyo inayoirusha hewani.

Hapo kuna jina moja ambalo wengi wanalitegemea kulikuta na hawalikuti: ALSA. Hiyo ni sehemu ya kiini cha Linux inayoendesha kadi za sauti, zile za spika na tundu la waya. Hedseti ya Bluetooth haipiti huko. Kwa ALSA si kadi ya sauti hata kidogo. Ndiyo maana programu iliyowekwa kuongea na ALSA moja kwa moja inaweza kukuonyesha spika, tundu la waya na hata maiki ya USB, lakini hedseti iliyounganika vizuri kabisa isiwemo. Hapo watu wanasema "haisomi", wakati imesomwa na kila mtu isipokuwa programu hiyo.

Zamani haikuwa hivyo. BlueZ ya matoleo ya mwanzo iliweza kujiunga na ALSA bila msaada wa seva, na mtu alikuwa anaandika faili la mipangilio, .asoundrc, lenye anwani ya hedifoni yake. Desemba 2012 ikatoka BlueZ 5, njia hiyo ikaondolewa, kazi yote ya sauti ikaachiwa seva. Maelekezo ya kabla ya hapo bado yamejaa mtandaoni, yameandikwa vizuri, na hayafanyi kazi. Upo mradi mwingine, BlueALSA, kwa wanaotaka kwa makusudi kuishi bila seva ya sauti, lakini mtumiaji wa kawaida hana haja nao.

Seva zenyewe nazo zimebadilishana kijiti. PulseAudio iliingia Fedora (aina nyingine ya Linux, kama ilivyo Debian) mwaka 2007 na Ubuntu mwaka 2008, ikatawala zaidi ya miaka kumi. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, ikachukua nafasi: Fedora 34 mwaka 2021, Ubuntu 22.10 mwaka 2022, Debian 12 yenye sura ya skrini ya GNOME mwaka 2023, Mint 22 mwaka 2024. Kwa hiyo kabla ya kufuata ushauri wowote, jua uko upande gani. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

pactl info

Tazama mstari wa "Server Name". Ukiona neno PipeWire, hata kama na PulseAudio imetajwa pembeni, uko kwenye PipeWire. Inajitambulisha kwa jina la mwenzake ili programu za zamani zisisumbuke. Anayekwambia uifute PulseAudio ili uweke PipeWire, wakati tayari unayo, mshukuru, halafu usimfuate.

"Haisomi"

Hili la kwanza lipo mkono wa mwisho, kwenye chipu. Kompyuta nyingi za mezani zilizotoka maofisini Ulaya hazina Bluetooth kabisa. Hakuna cha kusoma. Kwenye kompyuta mpakato mara nyingi ipo, ila imezimwa kwa kitufe au kwa programu. Amri ya rfkill list inakuonyesha. Ikiandika "Soft blocked: yes", ifungulie kwa rfkill unblock bluetooth. Ikiwa ni "Hard blocked: yes", tafuta swichi ya pembeni au kitufe chenye alama ya antena.

Zipo chipu zinazohitaji kupakiwa programu yao ndogo ya ndani kila kompyuta inapowaka. Chipu za Broadcom ni maarufu kwa usumbufu huu. Debian ya zamani ilikataa kuweka programu hizo kwenye diski ya usakinishaji kwa sababu ya leseni zake. Kuanzia Debian 12 nyingi zimo. Ubuntu na Mint hazina ugumu huo kwa chipu nyingi.

Halafu kuna adapta ndogo za USB, zile za kuchomeka. Nyingi za bei ya chini zinajitambulisha kama chipu ya kampuni ya Uingereza ya Cambridge Silicon Radio. Ukiandika lsusb utaona namba 0a12:0001. Chipu halisi yenye namba hiyo ipo na ni nzuri, lakini imeigizwa mno, na nakala zake zinadai kuweza mambo zisiyoyaweza. Waandishi wa kiini cha Linux wameongeza mistari mahsusi ya kuzitambua na kuzivumilia. Nyingine zinakubali, nyingine zinawaka na kuzima zenyewe. Hapa neno "feki" ni halali, ila linaihusu adapta, hedseti haihusiki. Kiini kipya kidogo cha Linux kinaweza kuokoa adapta iliyoshindikana, kwa hiyo sasisha mfumo kabla ya kuitupa.

"Inasoma, ila haitoi sauti"

Hapa tumehamia mikono ya kati. Njia ya uhakika ya kuona kinachoendelea ni kuachana na vitufe vya skrini na kuongea na BlueZ ana kwa ana. Weka hedseti kwenye hali ya kuoanisha, kwa kawaida kwa kushikilia kitufe hadi taa ipepese rangi mbili, kisha:

bluetoothctl
power on
scan on

Majina yanaanza kumiminika: simu za majirani, televisheni ya nyumba ya pili, spika ya kinyozi. Yako ikitokea, chukua anwani yake, yenye umbo la AA:BB:CC:11:22:33, uendelee:

pair AA:BB:CC:11:22:33
trust AA:BB:CC:11:22:33
connect AA:BB:CC:11:22:33

Hiyo "trust" wengi wanairuka. Ndiyo inayoiruhusu hedseti kujiunganisha yenyewe kesho bila kukuomba ruhusa.

Ikiunganika na mstari ukabadilika kuwa jina la hedseti, mkono wa BlueZ uko salama. Ikikataa kwa ujumbe wenye maneno br-connection-profile-unavailable, usiilaumu hedseti. BlueZ inasema hivi: nimempata, lakini hakuna seva ya sauti iliyojitokeza kumpokea. Kwenye Ubuntu, Debian na Mint zenye PipeWire, kinachokosekana mara nyingi ni kifurushi kiitwacho libspa-0.2-bluetooth. Kwenye zile za PulseAudio ni pulseaudio-module-bluetooth. Kisakinishe, toka kwenye akaunti yako, ingia tena, jaribu. Hili linawapata hasa waliobadilisha seva kwa mkono au waliosakinisha mfumo mdogo usio na kila kitu.

Ikiwa imeunganika na bado sauti inatoka kwenye spika za kompyuta, basi ni seva tu haijaambiwa ihamie. Fungua mipangilio ya sauti, chagua hedseti upande wa kutoa sauti. Imekwisha.

"Nikiingia kwenye kikao sauti inaharibika"

Sasa tumefika penyewe.

Bluetooth ya kawaida, ile iliyomo kwenye hedseti karibu zote zilizopo sokoni, ina profaili mbili za sauti zinazotuhusu. Ya kwanza ni A2DP. Hii ni ya muziki. Inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kwenda masikioni, stereo, na kodeki yake ya lazima inaitwa SBC. Ikiwekwa vizuri, SBC inatumia kilobiti 328 hivi kwa sekunde. Zipo kodeki nyingine, kama AAC, aptX na LDAC ya Sony, na seva za kisasa za Linux zinazifahamu, ingawa mengine yanategemea vifurushi vya toleo lako. Lakini zote hizo, hata LDAC inayofika kilobiti 990, zinatumika kwenye njia hii ya kwenda tu. Maiki haimo.

Ya pili ni HFP, na ndugu yake mzee HSP. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya kupokea simu ukiwa unaendesha gari. Inakwenda na kurudi, mono, kwenye njia finyu ya kilobiti 64 kila upande. Kodeki yake ya zamani, CVSD, inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde. CD inapima mara 44,100. Kwa kipimo cha 8,000 hakuna sauti yoyote ya juu ya kilohezi 4 inayobaki, na huko ndiko inakokaa tofauti ya "s" na "f". Msikilizaji wa upande wa pili anasikia "faa", wewe umesema "saa". Ipo kodeki mpya kidogo, mSBC, inayopima mara 16,000. Inasaidia sana kwenye maneno, kwenye muziki bado ni ya kusikitisha.

Na profaili hizi mbili hazikai pamoja. Ukitaka maiki ya hedseti, muziki nao unashuka hadi HFP. Ukitaka stereo, maiki inazimwa. Kikao cha mtandaoni kinapofungua maiki, seva inaona mtu anahitaji kuongea, inahamisha hedseti kutoka A2DP kwenda HFP yenyewe, na ndipo mtu anaposhtuka.

Simu yako inafanya vivyo hivyo. Muziki ukipiga halafu simu ikaita, profaili inabadilika. Huoni ajabu kwa sababu unategemea sauti ya simu iwe ya simu. Windows nayo kwa miaka mingi imeionyesha hedseti moja kama vifaa viwili, kimoja cha stereo na kingine cha kuongea. Tatizo ni lile lile, limefichwa tu kwa namna nyingine.

Niliwahi kumtazama fundi mmoja kijana wa Ligula akimweleza jambo hili mwalimu wa sekondari, mama wa makamo aliyekuwa na hedseti mpya na Mint.

"Shikamoo mwalimu. Ina nini?"

"Marahaba baba. Nikisikiliza kaswida iko sawa. Nikianza kuwarekodia wanafunzi somo, kila kitu kinasikika kama mtu yumo ndani ya pipa."

Kijana hakugusa hedseti. Alifungua pavucontrol, ile programu ndogo ya kudhibiti sauti, akaenda kichupo cha mwisho kinachoitwa "Configuration". Jina la hedseti lilikuwepo, na chini yake kisanduku cha kuchagua kilichoandikwa HSP/HFP. Akakibadilisha kuwa kile chenye A2DP. Kaswida ikafunguka hapo hapo. Mwalimu akatabasamu, kisha akaangalia orodha ya maiki, ya hedseti haikuwemo.

"Mbona maiki imeondoka?"

"Imezimwa, mwalimu. Haziwezi kufanya kazi pamoja. Sikiliza kwa hedseti, ongea kwa maiki ya kompyuta."

Hilo ndilo jibu, na sijaona lililo bora kwa vifaa vya leo. Kwenye mipangilio ya sauti weka hedseti kuwa mahali pa kutoa sauti, na maiki ya ndani ya kompyuta, au ya waya, kuwa mahali pa kuingiza. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kikao chenyewe, ndani ya kivinjari, uhakikishe na huko imechaguliwa maiki hiyo hiyo, kwa sababu kivinjari kinaweza kukumbuka chaguo la zamani na kuiamsha maiki ya hedseti bila wewe kujua. Anayependa terminali anaweza kuandika pactl list cards short, achukue jina linaloanza na bluez_card, kisha:

pactl set-card-profile bluez_card.AA_BB_CC_11_22_33 a2dp-sink

Kwenye PulseAudio ya zamani ile alama ya katikati ni mstari wa chini, a2dp_sink. Na ukitaka mfumo uache kabisa kuhamahama wenyewe, WirePlumber, ambayo ni msaidizi wa PipeWire, kuanzia toleo la 0.5 inakubali amri hii:

wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Nimesema kwamba mara nyingi si kosa la Linux. Zipo mara ambazo lilikuwa. BlueZ 5 ilipoachia kazi ya sauti, HFP iliyumba kwa miaka, na kuitumia kikamilifu kulihitaji programu nyingine ya simu iitwayo oFono, ambayo wachache waliiweza. PulseAudio ilipata mSBC katika toleo la 15, mwaka 2021. Kwa hiyo mtu mwenye Ubuntu 20.04 alikuwa anaongea kwa CVSD ya kipimo cha 8,000, huku simu yake ikiongea na hedseti ile ile kwa 16,000. Akisema hedseti yake ni bora kwenye simu kuliko kwenye kompyuta, alikuwa anasema kweli. Kama bado uko kwenye toleo la umri huo, kusasisha mfumo kutakupa nafuu inayosikika, ila stereo na maiki kwa pamoja hutazipata.

Wanaorekodi na wanaotengeneza midundo

Audacity ndiyo programu ya sauti inayotumika sana kwenye mashine hizi, na ndiyo inayozalisha malalamiko ya "haioni hedifoni". Sababu ni ile ya ALSA. Kwenye orodha ya vifaa vyake usihangaike kutafuta jina la hedseti. Chagua "pipewire", "pulse" au "default", ili sauti ipitie kwenye seva, kisha seva ndiyo uielekeze kwenye hedseti. Tena Audacity huorodhesha vifaa inapofunguka. Hedseti iliyounganishwa baadaye haitaonekana mpaka uiambie ichunguze upya vifaa vya sauti, au uifunge na kuifungua.

Kuhusu kurekodi kwa maiki ya hedseti ya Bluetooth, maoni yangu ni mafupi: usifanye. Mahojiano ya wazee wa Mikindani yaliyorekodiwa kwa HFP hayatengenezeki tena, kwa kuwa kilichokatwa hakikuwahi kufika kwenye kompyuta.

Kuna na ucheleweshaji. A2DP inabana sauti, inairundika kidogo ili isikatike, inaituma, inafumuliwa. Jumla yake mara nyingi ni kati ya milisekunde 100 na 300. Ukitazama filamu huoni kitu, kwa sababu seva inaijulisha VLC kiasi cha kuchelewa, nayo inaisubirisha picha. Mwenye kupiga kinanda hana wa kumsubirisha. Chukua singeli ya mapigo 200 kwa dakika: pigo moja linakuja kila milisekunde 300. Hedifoni inayochelewa milisekunde 200 imekutupa theluthi mbili za pigo nyuma, na singeli nyingi zinakwenda kasi zaidi ya hapo. Ndiyo maana programu za wanamuziki kama Ardour, na seva yao ya JACK, hazijawahi kuipa Bluetooth uzito. PipeWire inaziwezesha kuiona hedseti, kwa hiyo unaweza kusikilizia kazi iliyokamilika. Kwa kupiga na kuimba, tundu la waya lipo pale pembeni.

Inakatakata

Hili halimo kwenye yale matatu lakini huku linatokea sana, na chanzo chake kinapuuzwa. Wengi wetu intaneti ya kompyuta inatoka kwenye simu, kwa kusambaza Wi-Fi. Simu nyingi zinasambaza kwa 2.4 GHz, na kwenye kompyuta mpakato Wi-Fi na Bluetooth mara nyingi zimo kwenye kadi moja, pengine zinagawana antena. Unapopakua faili kubwa, hedifoni inakatika. Dawa ya haraka ni kuchomeka simu kwa waya wa USB na kupitisha intaneti humo, ukazima Wi-Fi ya kompyuta. Simu ikikubali 5 GHz na kompyuta pia, hiyo nayo inatosha.

Diski ya nje ya USB 3.0 nayo inatoa kelele za redio kwenye eneo lile lile la 2.4 GHz. Adapta ya Bluetooth iliyochomekwa ubavuni mwake inateseka. Ihamishie upande wa pili wa mashine, au ipe waya mfupi wa kuirefusha.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wana kero yao. Hedseti inaona kompyuta moja, anwani moja, na inahifadhi ufunguo mmoja. Ukioanisha upya ukiwa Windows, ufunguo wa Linux unakuwa batili, na ukirudi Linux hedseti inakataa bila maelezo. Ifute kwenye Linux uioanishe tena, au, kama una subira, nakili ufunguo kutoka upande mmoja uupeleke mwingine ili pande zote zitumie ule ule.

Ile namba kwenye boksi

Bluetooth 5.3 haimaanishi sauti nzuri kuliko 4.2. Namba hiyo inaeleza toleo la kanuni za redio, na sauti ya A2DP na HFP inapita njia za kale zile zile. Hedseti ya 5.3 inaunganika na kompyuta ya 4.0 bila shida, na itasikika kadiri kodeki na spika zake ndogo zinavyoruhusu.

Kinachobadilisha mambo kweli kinaitwa LE Audio, kilichotangazwa mwaka 2020, juu ya kanuni za Bluetooth 5.2. Kina kodeki mpya, LC3, na kinaweza kubeba stereo pamoja na maiki kwa wakati mmoja, bila ule mgawanyo wa A2DP na HFP. BlueZ na PipeWire zimeshaanza kukitambua, ingawa kwa sasa kinahitaji mtu asiyeogopa kugusa mafaili ya mipangilio. Anayetaka kununua kwa ajili hiyo asiangalie 5.2 wala 5.3, kwa sababu kuwa na namba hiyo hakulazimishi kifaa kuwa na LE Audio. Atafute maneno "LE Audio" au "LC3" yenyewe kwenye boksi, kisha aulize hivyo hivyo kuhusu adapta ya kompyuta, maana hedseti mpya kabisa ikikutana na mashine ya 2015 itarudi kwenye A2DP na HFP.